Fuso Likishusha Mizigo, Watoto Msiwatume Kisimani

Hapa Bugarama, wilayani Ngara, Fuso likisimama mbele ya nyumba iliyofungwa siku nyingi, majirani hujua kabla dereva hajazima injini kwamba kuna watu wamerudi, au kuna watu wamekuja. Wengine wanatoka Muyinga, wengine Kirundo, wengine Kigali, wengine Uganda. Magunia yanashushwa. Linashuka godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba ya katani, yanashuka madumu, kinu, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na mfuko mmoja au miwili ya shangazi kaja iliyotuna mpaka zipu imekataa. Wanaume wanapokezana. Wanawake wa jirani wanaleta maji ya kunywa na maswali. Kisha inatoka ile amri ambayo masikio yangu yameizoea, kwa Kiswahili, kwa Kihangaza au kwa Kirundi: watoto watoke hapa. Waende kisimani. Au waende wakacheze na wenzao, wenzao ambao hata majina yao hawayajui.

Amri hiyo hutolewa kwa nia njema, na inaigharimu familia kuliko nauli ya Fuso. Mzazi anataka nafasi, hataki vitu vivunjike, anataka kumaliza kabla giza halijaingia. Lakini mtoto aliyevushwa mpaka hakuulizwa kama anataka kuhama, hakuulizwa lini, hakuulizwa kibebwe nini na kiachwe nini. Tangu safari ianze, siku ya kufungua mizigo ndiyo ya kwanza ambayo naye anaweza kutia neno. Tukimfukuza siku hiyo, atarudi akute nyumba imeshapangwa, na yeye mwenyewe amepangwa humo pamoja na vyombo. Nasema watoto wawepo, kamba zikatwe mbele yao, na baadhi ya mizigo waifungue wao.

Wilaya inayojua kufunga virago

Ngara haihitaji kufundishwa habari za kuhama. Enzi za ukoloni vijana wa Ngara na Biharamulo walikwenda Buganda kufanya vibarua kwenye mashamba ya pamba na kahawa, wakarudi na blanketi, baiskeli na vitenge. Kuanzia 1959 walifika Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, na baadhi yao walipewa makazi Muyenzi, humu humu wilayani. Halafu ikaja Aprili 28, 1994. Katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo. Benaco, mahali palipokuwa pakijulikana kwa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, pakageuka kambi yenye watu wengi kuliko mji wowote wa mkoa huu wa Kagera. Desemba 1996 serikali ikatangaza kwamba Wanyarwanda warudi kwao kabla mwaka haujaisha, na karibu nusu milioni wakarudi kwa njia ile ile ya Rusumo, wengi kwa miguu, katika siku chache tu. Warundi waliokuwa wamekimbilia huku wakabaki Lukole mpaka kambi hiyo nayo ikafungwa 2008. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena. Safari hii wengi walipelekwa Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, mkoani Kigoma, na tangu Septemba 2017 misafara ya kuwarudisha kwa hiari imekuwa ikiondoka.

Katika yote hayo vilihesabiwa vichwa, mahema na tani za unga. Picha zilizozunguka dunia ni za watu darajani, godoro kichwani, mtoto mgongoni, mwingine ameshikilia upindo wa khanga ya mama yake. Ni picha za kuvuka. Je, nani alipiga picha ya gunia likifunguliwa upande wa pili? Nani aliandika kilichotoka kwanza, na nani alikitoa? Ukanda huu umezaa mafundi wa kufunga virago. Mama wa huku anaweza kufunga nyumba nzima ndani ya shuka mbili kabla ugali haujapoa, na asisahau chumvi. Kufungua, hata hivyo, tumekufanya kazi ya jioni moja ya watu wazima wachache waliochoka. Tunadhani kuhama huishia pale mzigo unapogusa ardhi.

Karatasi za kufungia glasi

Kuna familia moja ninayoifahamu. Mama ni mzaliwa wa hapa, aliolewa upande wa Burundi, mambo yakamwendea mrama, akarudi kwao na watoto watatu. Kati ya mizigo yake lilikuwamo boksi la glasi, na kila glasi ilikuwa imefungwa kwa karatasi za daftari ili isigongane na nyingine. Kaka yake ndiye aliyekuwa akizifungua. Alikuwa mwepesi: anachomoa glasi, anaiweka kwenye sinia, karatasi anaifinyanga na kuitupa karibu na mafiga. Rundo lilikuwa limeshakua pale mtoto wa pili, mvulana wa miaka tisa hivi, aliporudi na dumu lake la maji. Aliinama, akaokota karatasi moja, akainyoosha juu ya paja kwa kiganja.

“Mjomba, hii ni yangu.”

“Hizo za kuwashia moto, baba. Weka hapo.”

Mama yake alikuwa anafunua godoro. Akageuka, akaona, akasema, “Mwache, kaka. Glasi zilizobaki mpe azifungue mwenyewe.”

Akazifungua. Alikwenda taratibu kuliko mjomba, na hakuvunja hata moja. Kila karatasi aliinyoosha, akaitazama juu na chini, akatafuta mwenzake. Kiza kilipoingia alikuwa na daftari lake la hesabu karibu zima, limekunjamana kama uso wa bibi kizee, lakini kurasa zimefuatana.

Siku ya kuandikishwa shule, mama aliziweka zile karatasi kwenye bahasha ya kaki. Bahati yake. Mtoto alipoitwa ubaoni agawanye, aliandika kigawanyo upande wa kulia, akapiga mstari wa kusimama na wa kulala, jibu akaliweka chini ya kigawanyo. Ndivyo wanavyofundishwa wenzetu waliorithi mtindo wa Kifaransa. Huku kwetu kigawanyo hukaa kushoto na jibu hupanda juu. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akaona mtoto hajui hata pa kuanzia, tena Kiswahili chake ni cha kubabaisha, akapendekeza arudishwe nyuma madarasa mawili. Hapo ndipo bahasha ilipotolewa. Kurasa kwa kurasa za kugawanya, kwa mwandiko wa kuunganisha herufi, na vema za wino mwekundu pembeni. Mwalimu, nampongeza kwa hili, alichukua chaki akajaribu hesabu moja kwa ule mtindo wa kigeni. Jibu likatoka lile lile. Mvulana akaingia darasa la rika lake.

Mwaka mmoja wa masomo si kitu kidogo kwa nyumba ya kawaida ya Bugarama, sembuse miwili. Ada ya shule ya msingi imefutwa, ndiyo. Sare haijafutwa, daftari halijafutwa, na michango ya chakula cha mchana haijafutwa. Mtoto aliyerudishwa madarasa mawili hukaa dawati moja na watoto wanaomfika begani, na akianza kuota ndevu darasa la sita hahitaji mtu wa kumshauri aache shule, atajishauri mwenyewe. Yote hayo yalikuwa yanangoja kiberiti cha mjomba. Na mjomba hana kosa: nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Alikuja kusaidia kufungua mizigo ya nyumba ambayo hakuwahi kulala ndani yake. Aliyejua maana ya karatasi zile alikuwa ametumwa maji.

Si madaftari peke yake. Chini kabisa ya gunia la nguo, mahali ambapo mama mwenye akili huficha vitu, ndipo inapokaa kadi ya chanjo, cheti cha kuzaliwa chenye mhuri wa ng’ambo, ripoti ya shule, labda na picha ndogo ya pasipoti ya mtoto akiwa amefumba macho. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi na mzazi Mtanzania anaweza kuwa raia kwa kurithi. Lakini mtu akifika dirishani kuomba kitambulisho, hakuna afisa atakayemsoma uraia usoni. Ataulizwa karatasi. Katika wilaya kama hii, ambako Kihangaza na Kirundi vinafanana kiasi kwamba mtu akikusalimia huwezi kujua amelala upande gani wa mpaka, kipande kimoja cha karatasi huamua kama kijana wa miaka kumi na minane atatafuta kazi au atatafutwa. Mtoto aoneshwe karatasi zake siku ile ile zinapotoka. Azishike, aambiwe hii ni ya nini na ile ni ya nini, aone zinakowekwa. Wazazi hufa, nyumba huungua, mvua ya Ngara haina adabu. Wawili wakijua mahali, ni afadhali kuliko mmoja.

“Tutanunua nyingine”

Sentensi hii nimeisikia kwa akina baba hasa, na nimeisikia pande zote mbili za safari. Wakati wa kupakia: acha hiyo, tutanunua nyingine. Wakati wa kufungua: kumbe mmebeba na hii? Tupa, tutanunua nyingine. “Hiyo” yenyewe ni sufuria iliyobaki sikio moja, gari la waya lenye magurudumu ya kandambili, mpira wa majani makavu ya mgomba uliosukwa kwa kamba, mfuko wa vizibo vya soda. Wahenga wa pwani walikwisha kutuonya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao, na walikuwa wakisema na watu wazima. Mtoto hahitaji kuonywa. Yeye hauachi mbacha wake hata ukimpiga.

Hapa sheria imekuwa na moyo kuliko baba. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya 2004, inamruhusu mtu anayehamisha makazi kuingiza bila ushuru nguo zake na vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia kule alikotoka. Hata gari linaruhusiwa, kwa masharti, ukiwa umelimiliki na kulitumia ng’ambo kwa muda usiopungua miezi kumi na miwili. Ingawa wa Bugarama wenye gari la kuhamishia sijawaona wengi. Ninachotaka kukionesha ni kwamba sheria imeona sufuria iliyokwisha kutumika si bidhaa, ni sehemu ya maisha ya mtu. Ofisa wa forodha pale mpakani Kabanga ataitazama ile sufuria yenye sikio moja na kuipitisha. Baba mwenye nyumba ataiona uani kwake na kuitupa jalalani.

Kwa nini sufuria ile ina thamani? Kwa sababu mtoto anajua uji wake ulikuwa ukipikwa humo, na alama ya kuungua iliyo chini yake anaikumbuka siku iliyotokea. Hajui mlango huu mpya unafunguka upande gani usiku. Hajui choo kiko wapi gizani. Hajui mbwa yule anayebweka ni wa nani. Sufuria anaijua. Usiku wa kwanza uji upikwe kwenye sufuria ya zamani, na mpya ikae kabatini kidogo, haitaoza. Na akina mama zangu wa Ngara, ninyi mnaopenda kufua kuliko watu wote ninaowajua, nawaomba jambo moja: blanketi la mtoto msilifue siku ya kwanza. Najua linanuka moshi. Ndiyo maana analitaka. Lifueni wiki ijayo, ukuta mpya ukishapata moshi wake.

Waliohama mbali zaidi yetu walilijua hili bila kufundishwa. Wazanzibari waliokwenda Oman baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine wengi walioingia baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka 1970, walifika nchi ya mababu ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Leo ukiingia baadhi ya nyumba za Muscat utasikia Kiswahili cha Unguja kikisemwa na watu waliozaliwa huko huko Uarabuni, na mezani utakuta wali wa nazi. Hakuna wizara iliyokilinda Kiswahili kile. Kilikaa jikoni kwa mama na bibi, na watoto walikuwa hapo hapo miguuni pao, hawakutolewa nje.

Kumpa kazi si kumpa neno

Kuna msomaji anayesema sasa hivi: watoto wangu mimi siwafukuzi, wanafanya kazi siku nzima. Naamini. Tena ukichunguza utakuta ni msichana ndiye anayefanya kazi siku nzima. Kaka zake wameshapata mpira huko njiani, yeye anaosha vyombo vya safari, anambeba mdogo wake, anafagia vumbi la nyumba iliyokaa bila watu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msichana wetu hupewa jembe saa ya kwanza. Huko si kushirikishwa. Amehama na kazi zake zote, hakuna hata moja iliyosahaulika nyuma.

Kumpa neno ni kumuuliza. Kikapu hiki tukitundike wapi? Mkeka wenu mtautandika upande wa dirisha au wa mlango? Gunia hili lina vitu vyenu, mtaanza na kipi? Watagombana, na ugomvi wao ni mzuri, kwa kuwa mtu hagombanii pembe ya chumba asichokihesabu kuwa chake. Kikombe kitavunjika. Kivunjike. Kazi itachelewa, ndiyo, na hapa nakubaliana na wazazi kwamba kuna siku haiwezekani: mvua inanyesha, usiku umeingia, mtoto ana homa. Siku hiyo toeni mikeka, blanketi na sufuria moja, magunia mengine yalale yamefungwa. Hakuna amri ya serikali kwamba kila gunia lifunguliwe leo. Haraka hiyo wakati mwingine ni ya kuwaonesha majirani kwamba tumefika tukiwa kamili.

Majirani ndio sababu nyingine, ingawa haisemwi. Mtoto hana siri. Atatoa kitu kwenye gunia na kutangaza mbele ya umati: “Mama, ile redio uliyosema imeibwa hii hapa!” Au atataja bei ambayo shangazi aliambiwa tofauti. Kwa hili sina dawa, zaidi ya kuwaambia majirani asante kwa msaada, karibuni kesho, kisha kufunga mlango na kufungua mizigo wenyewe kwa wenyewe.

Lakini sababu kubwa, ninayodhani ndiyo mzizi wa amri yenyewe, haihusu vikombe wala umbeya. Magunia ya watu waliohama kwa kukimbia yana vitu vyenye meno. Unafungua fundo unakuta shati la mtu aliyebaki nyuma, au la mtu ambaye hakubaki popote. Unakuta kiatu kimoja cha mtoto. Unakuta ufunguo wa nyumba ambayo ina mtu mwingine sasa. Mama akikishika kitu hicho uso wake hubadilika, na hataki watoto wauone uso huo. Basi anawatuma maji. Anaposema “mtavunja vitu”, mara nyingi anayeogopa kuvunjika ni yeye.

Siwezi kumlaumu mama huyo. Ila namwambia kwamba watoto wanajua. Walikuwapo. Waliona shati likiwekwa kwenye gunia kama walivyomwona mwenye shati mara ya mwisho. Wakirudi na madumu na kulikuta halipo tena, limefichwa au limechomwa, hawaulizi, na hilo la kutouliza ndilo linalonitisha. Walimu wa huku wanawajua watoto wa namna hiyo: wapole kupita kiasi, hawaombi ruhusa ya kwenda chooni, hawasemi kalamu imeisha. Nyumbani wamejifunza kwamba kuna mambo hayatajwi, na mtoto hana mizani ya kujua yapi, basi anayanyamazia yote. Heri mama alie nao pale juu ya gunia, shati likunjwe, litafutiwe mahali, na mmoja wao aambiwe alikumbuke mahali hapo. Atakayetaka kulitazama atajua pa kwenda.

Wasio na gunia

Mwishoni mwa Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani mkoani Kagera, aliwataka wahamiaji wasio na vibali waondoke ndani ya wiki mbili, mwisho Agosti 11. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Maelfu walikwenda Rwanda, wengine Burundi na Uganda. Sheria ni sheria, na nchi ina haki ya kujua nani anaishi ndani yake. Sibishani na hilo hapa. Lakini miongoni mwa walioondoka walikuwamo watu waliokaa huku miongo mingi, wamezaa, wameoa na kuolewa na Watanzania, na wapo waliotengana na watoto wao kwa sababu mmoja alihesabiwa wa huku na mwingine wa kule. Waliopokelewa Rwanda katika kambi za Kiyanzi na Rukara, wengi hawakuwa na mizigo ya kuzungumzia. Ng’ombe, migomba na vyombo vilibaki. Sisi majirani tulitazama, na wengine wetu tukasema wamekwenda kwao, watazoea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Je, makala yangu yote haya yana maana gani kwa mtoto aliyefika na nguo aliyovaa? Nadhani yana maana zaidi. Anayerudi Burundi kwa msafara kutoka kambini hupewa chakula cha kuanzia na vifaa vya nyumbani, na vifaa vya msaada vyote ni ndugu pacha: ndoo inafanana na ndoo ya jirani, blanketi na blanketi, sufuria na sufuria. Mtoto wa namna hii hana cha kufungua isipokuwa kilichofungwa na mtu asiyemjua. Basi apewe yeye kukifungua. Achague blanketi lipi ni lake hata kama yote ni ya rangi moja. Ndoo aitie alama kwa msumari uliochomwa motoni, jina kama anajua kuandika, mistari mitatu kama hajui. Na jirani mwenye watoto, badala ya kupeleka unga peke yake, amwite mwanawe achague kimoja kati ya vitu vyake akipeleke: golori, kitabu kilichochakaa, gari la waya. Kitu cha mtoto kikipewa mtoto mwenzake kinakuja na jina la rafiki, na mtoto mgeni anahitaji jina moja tu la kuitia kesho yake njiani.

Mengine yako mikononi mwa watu wenye ofisi, na si makubwa. Mtendaji wa kijiji anapoandikisha waliofika huuliza majina, umri na wanakotoka. Aongeze kuuliza kama kila mtoto ana karatasi zake, na kama hana, awaelekeze wazazi pa kuanzia mapema, kabla mtoto hajafikisha umri wa kuulizwa na wengine. Shuleni, mtoto anayetoka ng’ambo asipangiwe darasa kwa kusimamishwa ubaoni mbele ya wenzake katika lugha ambayo bado anaisikilizia. Mwalimu amwambie mzazi: rudini nyumbani, tafuteni kwenye magunia, leteni daftari lolote alilowahi kuandikia, hata kama mmefungia glasi. Akae na mtoto, wafungue kurasa pamoja, amwache mtoto aeleze kwa mkono pale ambapo mdomo haujafika. Hiyo ni nusu saa, na mwalimu mkuu hahitaji waraka kutoka Dodoma ili aianze Jumatatu.